Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Mradi: Taski Zinazorudiwa Hazizaliwi Mikononi Mwetu

Kwa wasimamizi wa mradi, wahandisi wa data na wakuu wa kitengo cha ubora,

Kwa heshima,

MINT: TASKI ZINAZORUDIWA KWENYE JUKWAA LA KUWEKA LEBO

Sisi ni waweka lebo wa Kisumu, watu wanaozipa picha, sauti na maandishi majibu ya kufundishia modeli za kompyuta, tukiungana na wenzetu wa Nakuru na Kakamega. Tumepitia njia zote za ndani: tiketi za kuripoti tatizo, ujumbe kwa viongozi wa timu, fomu ya malalamiko. Jibu linalorudi kila mara ni moja: "Fungua ukurasa upya kisha uendelee." Ushauri huo, kama tutakavyoonyesha katika hoja ya pili, ni miongoni mwa mambo yanayozaa marudio yale yale tunayoyalalamikia. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Tunalolisema ni hili. Taski, yaani kazi moja inayoletwa kwenye skrini, ikijitokeza mara mbili ina chanzo, na chanzo hicho kinaweza kutafutwa kwenye faili mlizo nazo tayari. Karibu vyanzo vyote viko kwenye uingizaji wa data, kwenye seva na kwenye ripoti. Lakini anayekatwa malipo na kupunguziwa alama za ubora ni aliyeketi mbele ya skrini, ambaye hana ruhusa ya kufungua hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kwanza tukubaliane maana, kwa sababu neno "marudio" linatumika kwa mambo matatu tofauti. Kuna kurudia kwa makusudi ambapo kipengee kimoja (picha, rekodi au sentensi) hupelekwa kwa watu wawili au watatu ili kupima kama wanakubaliana. Kuna kumrudishia mtu yule yule kipengee alichokwisha kukijibu, ili kupima kama jibu lake ni thabiti. Hayo mawili ni sehemu halali ya kazi na yanastahili kulipwa. La tatu ni nakala ya bahati mbaya, ambayo haikupangwa na mtu. Kwenye skrini yetu yote matatu yanafanana kabisa, na maelekezo tuliyopewa hayasemi tofauti yake. Mtu akikutana na picha aliyoijibu jana, hajui kama anapimwa au jukwaa limekosea. Akibadilisha jibu baada ya kufikiri vizuri zaidi, huenda akaambiwa hana uthabiti. Akilirudia jibu, huenda akaambiwa ananakili.

HOJA YA 1: Data inaingizwa bila utambulisho wa kudumu

Majukwaa mengi hutoa namba mpya ya taski pindi mstari unapoingia, bila kuuliza kama yaliyomo yamewahi kuingia. Tuseme faili ina mistari 5,000 na mtandao unakatika upakiaji ukiwa umefika mstari wa 3,200. Mhandisi akiipakia faili yote upya, ile mistari 3,200 ya kwanza sasa ipo mara mbili, kila mmoja na namba yake halali. Ukitazama orodha ya namba hutaona kasoro yoyote.

Ndivyo ilivyo pia hifadhi ya mtandaoni inaposawazishwa. Folda ikibadilishwa jina, au picha ikihamishwa kutoka folda moja hadi nyingine, jukwaa linaiona ngeni. Kuna mtego mwingine kwenye viungo vyenye saini ya muda, vile vinavyokufa baada ya saa kadhaa kwa sababu za usalama. Mkia wa kiungo hubadilika kila kinapotolewa upya. Ikiwa picha inatambuliwa kwa kiungo kizima, basi kila usawazishaji unaizaa picha ile ile upya.

Dawa yake inajulikana. Kokotoeni hashi ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na baiti za faili yenyewe, si jina lake wala kiungo chake. Itawapa herufi na tarakimu 64 ambazo hazibadiliki faili ikihamishwa au ikipewa jina jingine. Iwekeni kwenye safu yenye sharti la upekee, ili hifadhidata yenyewe ikatae mstari wa pili. Kupakia faili mara mbili kusilete kitu kipya.

Tahadhari moja hapa: hashi ya yaliyomo peke yake haitoshi kutambua kazi. Picha ya jani la mahindi kutoka Njoro inaweza kuulizwa leo "Je, kuna dalili za viwavijeshi?" na kesho "Chora mpaka wa sehemu iliyoliwa." Hiyo ni picha moja na kazi mbili. Kwa hiyo wekeni funguo mbili: ufunguo wa kipengee, unaotokana na yaliyomo tu, na ufunguo wa kazi, unaotokana na yaliyomo pamoja na swali na toleo la maelekezo. Kichujio kikitumia ule wa kwanza pale panapohitajika wa pili, kitafuta kazi halali. Mkikosea kinyume chake, kitaacha nakala zipite.

HOJA YA 2: Foleni, kufuli na ule ushauri wa kufungua ukurasa upya

Kivinjari hakichukui taski moja moja. Huchukua bachi nzima, kwa mfano taski 10, na kwenye majukwaa kadhaa majibu hukaa ndani ya kivinjari mpaka bachi itimie au mtu abonyeze kitufe cha kuhifadhi. Sasa fuateni hatua hizi polepole. Mtu yuko Nyalenda, amejibu taski 7 kati ya 10. Stima inapotea. Seva haina habari yoyote kuhusu hizo 7. Kwa upande wake zote 10 bado ziko mikononi mwa mtu huyo. Stima ikirudi, mtu anafungua ukurasa, na seva inafanya mojawapo ya mambo mawili. Inamrudishia zile zile 10, naye anafanya 7 kwa mara ya pili bila malipo ya ile ya kwanza. Au inampa bachi mpya, na zile 10 za mwanzo zinasubiri muda wa kufuli, yaani muda ambao taski imeshikiliwa kwa jina la mtu mmoja, uishe kabla ya kwenda kwa mwenzake.

Kufungua ukurasa upya kunaleta hali hiyo hiyo hata kama stima ipo. Yaliyokuwa hayajatumwa yanapotea na bachi inaombwa tena. Tunaomba ushauri huo uondolewe kwenye majibu ya tiketi leo hii, na mahali pake pawekwe huu: hifadhi kwanza, hakikisha idadi ya yasiyotumwa ni sifuri, ndipo ufungue upya. Idadi hiyo nayo ionekane kwenye skrini.

Muda wa kufuli ni tatizo la peke yake. Dakika 30 zinatosha kabisa kwa picha. Kuandika maneno ya rekodi ya dakika 10 ya Dholuo, yenye wazungumzaji wawili wanaopokezana haraka na kuchanganya Kiswahili na Kiingereza, hakumaliziki kwa dakika 30 hata kwa mwandishi hodari. Kufuli likiisha katikati ya kazi, rekodi inakwenda kwa mtu wa pili huku wa kwanza bado anaandika. Wote wawili wanatuma. Wote wawili wamefanya kazi ya kweli, kisha mmoja anaambiwa yake ni nakala. Kufuli linapaswa kujiongezea muda lenyewe maadamu mtu anachapa au anasikiliza, kwa mfano kwa kivinjari kutuma ishara fupi kwa seva kila baada ya sekunde 60, na liachiliwe tu ishara hizo zikikoma kwa muda unaolingana na aina ya kazi.

Kisha kuna majina ya kuingilia. Yapo majukwaa yanayomtambua mtu kwa neno lililo mwishoni mwa kiungo. Kwa mashine, kisumu07, Kisumu07 na kisumu-07 ni watu watatu. Mtu anayetumia simu asubuhi na kompyuta ya cyber pale Kondele alasiri anaweza kuingia kwa tahajia mbili bila kujua, hasa kibodi ya simu ikianza neno kwa herufi kubwa yenyewe. Seva inamwona mtu mpya na kumpa tena kila alichokwisha kukijibu. Kinga yake ni rahisi: orodha ya majina yanayoruhusiwa, herufi zote zigeuzwe ndogo kabla ya kulinganisha, na jina lisilo kwenye orodha likataliwe badala ya kufunguliwa kipindi kipya.

Mwisho katika hoja hii ni kutuma mara mbili. Mtandao ukiwa mzito, jibu linafika kwenye seva na kuhifadhiwa, lakini uthibitisho haurudi. Kivinjari kinajaribu tena chenyewe, au mtu anabonyeza tena kwa sababu hajaona mabadiliko. Seva inaandika majibu mawili yenye tofauti ya sekunde chache. Kila jibu lipewe namba ya pekee na kivinjari kabla halijatumwa, na seva ikiona namba hiyo kwa mara ya pili irudishe tu uthibitisho ule ule. Kitufe nacho kizimwe kikishabonyezwa. Fundi wa seva anajua hili. Linahitaji tu kupewa nafasi kwenye ratiba yake.

HOJA YA 3: Maandishi yaliyo sawa kwa jicho na tofauti kwa mashine, na kinyume chake

Hapa ndipo wahandisi wasiosoma Kiswahili wala Dholuo wanapokosea kwa nia njema, kwa hiyo mtuvumilie tukienda kwa undani.

Chukueni sentensi "Ng'ombe wameingia shambani." Ritifaa ile iliyo katika ng' huandikwa kwa njia zaidi ya moja. Kibodi ya kompyuta kwa kawaida hutoa iliyonyooka, yenye namba U+0027 katika Unicode (orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta), nayo ni baiti 1 katika mfumo wa kuhifadhi wa UTF-8. Programu ya kuandikia barua huigeuza kuwa iliyopinda, U+2019, ambayo ni baiti 3. Wengine hutumia U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kama herufi, si alama ya uakifishaji. Msomaji anaona sentensi moja. SHA-256 inaona tatu, na hashi zake hazifanani hata kidogo. Katika Dholuo jambo hili liko kila mahali: ng'ato, ng'eyo. Data ikikusanywa kwa simu, kwa kompyuta na kwa kunakili kutoka PDF, sentensi moja inaingia kwa sura tatu na kila sura inakuja kwetu kama taski mpya.

Ongezeni nafasi isiyokatika, U+00A0, inayotoka kwenye kurasa za wavuti. Mwisho wa mstari wa Windows wenye alama mbili badala ya moja. Baiti tatu zisizoonekana mwanzoni mwa faili, EF BB BF, ambazo zinaharibu mstari wa kwanza peke yake. Hakuna hata moja inayoonekana kwa jicho.

Kinachotakiwa ni ufunguo uliosawazishwa. Pitisheni maandishi kwenye usawazishaji wa Unicode wa NFC, unaoipa herufi moja umbo moja la kuhifadhiwa, geuzeni ritifaa zote ziwe U+0027, geuzeni kila aina ya nafasi iwe nafasi moja ya kawaida, ondoeni nafasi za mwanzo na mwisho, kisha ndipo mkokotoe hashi. Maandishi yenyewe msiyaguse. Usawazishaji ni wa ufunguo tu. Sentensi anayoiona mweka lebo ibaki kama ilivyoandikwa.

Sasa hatari ya upande wa pili. Kuna kawaida ya kufuta uakifishaji wote kabla ya kulinganisha, iliyotokana na kazi za Kiingereza. Kwa Kiswahili hiyo inaharibu data. "Mama amefika." na "Mama amefika?" ni taarifa na swali, na katika maandishi kinachozitenganisha ni alama ya mwisho peke yake, mpangilio wa maneno haubadiliki. Mkifuta alama hiyo mnaunganisha sentensi mbili ambazo katika kazi ya kutambua nia ya msemaji zina lebo tofauti kabisa. Mkifuta ritifaa, ng'oa, yaani kung'oa mti au jino, inakuwa ngoa, ambayo ni wivu au tamaa. Herufi kubwa nazo msizikunje kuwa ndogo katika kazi ya kutambua majina: Simba anaweza kuwa mtu au klabu, na simba akawa mnyama.

Vivyo hivyo kwa sentensi fupi za mazungumzo. "Sawa." inaweza kutokea mara nyingi katika mazungumzo tofauti: mahali pamoja ni kukubali, pengine ni kukasirika, pengine ni kumaliza simu. Kichujio kinachotazama maneno peke yake kitabakiza moja na kutupa nyingine zote, na kuzitupa pamoja na maana zake. Kwa vipengee vya mazungumzo, ufunguo ujumuishe namba ya mazungumzo na nafasi ya sentensi ndani yake.

HOJA YA 4: Picha

Picha ikipita WhatsApp kama picha, inabanwa na maelezo yake ya ndani, kama saa na mahali ilipopigwa, yanaondolewa. Inayofika si faili ile tena, ingawa jicho haliwezi kuitofautisha. Afisa wa shambani akituma picha moja kwenye kundi na pia akaipakia kwenye fomu, mnapata vipengee viwili ambavyo SHA-256 haiwezi kuvioanisha. Waambieni wakusanyaji watume picha kama dokumenti, au watumie njia moja tu.

Kwa zilizokwisha kuingia, kuna hashi ya mwonekano. Mojawapo iliyo nyepesi hupunguza picha hadi nukta 9 kwa 8 za kijivu, kisha kwa kila mstari hulinganisha kila nukta na jirani yake. Inatoka na biti 64. Picha mbili zenye biti chache tu zinazotofautiana ni washukiwa wa kuwa nakala. Tunasema washukiwa kwa sababu. Picha za gugumaji zilizopigwa Dunga, mbingu juu na maji chini, hufanana mno zikishapunguzwa kiasi hicho, hata kama zilipigwa miezi tofauti. Majani ya mahindi yanayojaza fremu nzima ni vivyo hivyo. Kiwango cha kukata, yaani idadi ya biti ambayo chini yake picha mbili zinahesabiwa washukiwa, msikichukue kutoka mradi wa mtu mwingine: chukueni jozi 100 zenu wenyewe zilizo karibu, mzitazame kwa macho, ndipo mchague. Na jozi zinazobaki na shaka ziletwe kwa binadamu kama kazi ya kulipwa, zisifutwe kimyakimya.

Picha tano za mmea mmoja zilizopigwa mfululizo si nakala. Zina thamani. Ila zote ziwe upande mmoja, ama za mafunzo ya modeli ama za jaribio la kuipima. Zikigawanywa, modeli itapimwa kwa mmea iliokwisha kuuona. Hili si la kufikirika: uchunguzi wa mikusanyo mashuhuri ya picha ya CIFAR ulikuta kwamba asilimia 3.3 ya picha za jaribio za CIFAR-10, na asilimia 10 za CIFAR-100, zina nakala ndani ya picha za mafunzo. Ikiwa mikusanyo iliyotumiwa na watafiti wa dunia nzima kwa miaka ilikuwa na kasoro hiyo, wenu nao unastahili kukaguliwa.

HOJA YA 5: Nakala zilizo kwenye ripoti tu

Namba za taski zenye tarakimu nyingi zikifunguliwa kwenye Excel huharibika, kwa sababu Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. 1234567890123456 na 1234567890123457 zote zinakuwa 1234567890123450. Vipengee viwili tofauti sasa vina namba moja, na mkaguzi anaona "nakala" ambayo haipo. Namba ya 00731 nayo inakuwa 731 na kugongana na 731 halisi. Safu ya namba iingizwe kama maandishi, au ianze na herufi.

Kisha kuna kuunganisha majedwali. Kipengee chenye majibu 3 kikiunganishwa na jedwali ambalo kipengee hicho kina mistari 2 ya maelezo, ripoti inatoka na mistari 6. Hakuna aliyefanya kazi mara sita. Kabla ya kumwita mtu mlaghai, hesabuni mistari kabla ya kuunganisha na baada ya kuunganisha.

HOJA YA 6: Adhabu inampata asiyehusika

Majibu yaliyotiwa alama ya nakala hayalipwi. Akaunti yenye nakala nyingi husimamishwa na mfumo wenyewe, bila binadamu kutazama. Anayelundikiwa nakala mara nyingi ni yule anayefanya kazi haraka, kwa kuwa anachukua bachi nyingi, au yule ambaye mtandao wake unakatikakatika. Wa kwanza anaadhibiwa kwa bidii yake, wa pili kwa mtaa anaoishi.

Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 19, inaweka mipaka ya makato kwenye mshahara. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi unaomwathiri kwa uzito. Tunajua mtasema sisi ni wakandarasi na si waajiriwa, na kwamba kifungu cha 19 hakituhusu. Hilo lina mahali pake pa kujadiliwa. Lakini Katiba inasema "kila mtu", na kifungu cha 35 kinamlinda mtu ambaye data ni yake, awe na mkataba wa aina gani.

Namna ya kutambua chanzo

Hili mnaweza kulifanya leo, kabla hamjatujibu. Chukueni nakala rudufu ya hifadhidata. Toeni majibu yote kwenye faili moja, kila mstari ukiwa na namba ya taski, jina la mweka lebo, saa, hashi ya yaliyomo na hashi iliyosawazishwa. Kisha pangeni makundi.

Mkikuta namba moja ya taski, mtu mmoja, sekunde chache kati ya majibu: ni kutuma mara mbili. Namba moja, mtu mmoja, saa au siku kadhaa kati yake: ama mlipanga kumpima, ama bachi ilirudishwa baada ya kukatika, rejeeni mpango wenu. Namba moja, watu wengi kuliko mlivyopanga: ni kufuli au majina ya kuingilia. Namba tofauti, hashi moja na swali moja: ni uingizaji wa data. Namba tofauti, hashi tofauti, hashi iliyosawazishwa moja: ni ritifaa, nafasi na jamaa zake. Kila kitu tofauti lakini picha zinashabihiana: ni njia za ukusanyaji. Na kama nakala ziko kwenye ripoti lakini hazimo katika faili hii, tatizo liko kwenye ripoti.

Katika aina zote hizo saba, zinazoweza kusababishwa na mweka lebo kwa kidole chake ni ya kwanza, na ya tatu akiingia kwa tahajia mbili bila kujua, na hata hizo seva iliyoundwa vizuri huzizuia.

Msianze kwa kufuta. Taski ikifutwa, kwenye majukwaa mengi majibu yake hufutwa nayo, na ushahidi wa kazi ya mtu unakwenda. Chagueni kipengee kimoja kiwe cha msingi, hamishieni majibu yote huko, vile vingine vifichwe kwenye foleni lakini vibaki kwenye kumbukumbu vikiwa na namba ya kipengee cha msingi.

Tunayotarajia kuambiwa

Kwamba tubonyeze kitufe cha kuruka. Kuruka kunahesabiwa dhidi yetu, na taski iliyorukwa inakwenda kwa mwenzetu ikiwa bado na kasoro ile ile.

Kwamba jukwaa ni la kampuni nyingine na hamwezi kulibadilisha. Uingizaji wa data, majina ya kuingilia, muda wa kufuli, ripoti na malipo viko mikononi mwenu. Hayo ndiyo sehemu kubwa ya barua hii.

Kwamba nakala ni chache. Zikiwa chache, kuzilipa hakutawagharimu, na kuzitafuta kutamalizika upesi. Tena uchache haupimwi kwa wingi wa data yote. Kipengee kilichoingia mara nne kwa lebo moja kinavuta modeli mara nne, na majibu ya mtu mmoja yakihesabiwa kama ya watu wawili, kipimo cha makubaliano kinapanda bila sababu. Mteja anapokea namba nzuri isiyo ya kweli.

Tunayoyaomba

1. Ndani ya siku 7: ushauri wa kufungua ukurasa upya uondolewe, na usimamishaji wa akaunti kwa sababu ya nakala usitishwe mpaka binadamu atazame kila kesi na kumweleza mhusika.

2. Ndani ya siku 14: utambuzi tuliouandika hapo juu ufanywe, na matokeo yatolewe kwetu kwa kila chanzo, bila kutaja majina ya watu.

3. Kila jibu lililotolewa kwa taski iliyoletwa na jukwaa lilipwe, liwe nakala au lisiwe. Makato ya nyuma yarejeshwe pale chanzo kitakapoonekana kuwa si mweka lebo.

4. Kila taski ionyeshe namba yake kwenye skrini, iwe rahisi kunakili, na pawe na kitufe cha "Nimeiona hii tayari" kisichopunguza alama. Bila namba, tiketi yetu inabaki maneno matupu: "picha ya shamba, ya kijani, imerudi."

5. Maelekezo yaseme wazi kama mradi una vipimo vya uthabiti. Hatuhitaji kujua ni taski zipi. Tunahitaji kujua kwamba vipo, na kwamba kubadilisha jibu kwa sababu nzuri si kosa.

6. Msemaji mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Dholuo wahusishwe kabla kanuni yoyote ya kusawazisha maandishi haijawashwa. Tuko tayari kufanya kazi hiyo kwa malipo ya kawaida ya saa.

Orodha ya namba za taski tulizofanikiwa kuzinakili tunayo, pamoja na saa na majina ya kuingilia. Tutaikabidhi kwa mhandisi mtakayemteua, mkononi, hapa Kisumu au kwa njia salama mtakayoichagua, siku mtakayotuandikia.

Wenu katika kazi,

Waweka lebo wa Kisumu, pamoja na wenzao wa Nakuru na Kakamega